Siku Niliyotua kwa Pua

Kwetu Lindi, ndani ya Kibera, nilianza kuitwa Kapteni kabla sijagusa usukani wa ndege. Mama aliwaambia wanakanisa kwamba nasomea urubani, na tangu Jumapili hiyo kila ndege iliyopita juu ya mabati yetu ikawa yangu. Akina mama waliipungia mkono. Mimi wakati huo nilikuwa darasani, nikisinzia katikati ya somo la mawingu.

Siku ya ajali nilirusha peke yangu kindege cha mafunzo cha viti viwili. Mwalimu alikuwa chini, kando ya uwanja, akinitazama. Nilikuja kutua kwa kasi kupita kiasi. Magurudumu yakagusa lami, ndege ikadunda. Badala ya kuongeza moto nipae tena, nikausukuma usukani mbele, pua ikainama. Ikadunda vibaya zaidi. Gurudumu la mbele likavunjika, propela ikakwaruza lami, ndege ikateleza hadi kwenye nyasi, pua chini, mkia juu. Nilizima injini nikatoka. Nikakaa kwenye nyasi.

Mwalimu alifika akihema. "Umeumia?"

"Hapana."

"Kwa nini ulisukuma?"

"Niliogopa."

"Ukiogopa, panda juu. Huko hakuna cha kugonga."

Nilipelekwa hospitalini kupimwa, simu yangu ikabaki ofisini. Huku nyuma, mtu aliyekuwa juu ya ghorofa za Soweto East, huko huko Kibera, ambako uwanja unaonekana, alipiga video ya ule mkia, na video ikafika nyumbani kabla yangu.

Jioni nilikuta hema mbele ya mlango wetu. Viti vya plastiki vimepangwa, chai inachemka, na shangazi yangu wa Kawangware yuko chini akilia. Mbele alisimama mwanasiasa aliyekuwa akiutafuta udiwani. Hakuwahi hata kunisalimia.

"Marehemu alikuwa kama binti yangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Mkinichagua, hakuna ndege itaanguka tena."

Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Marehemu ni mimi."

Alinitazama, akawatazama watu. "Mnaona? Hata sijachaguliwa na kazi imeanza."

Makofi yakazidi. Shangazi alijifuta machozi, akanuna. "Na vile nimefunga kibanda nikuje kukulilia," alisema, akachukua kikombe cha chai.

Mama alitoka ndani polepole. Alinipapasa mikono, kidole kwa kidole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umekula?"

Hapo ndipo nilipolia.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi hewani, mwalimu akiwa kando yangu. Alinifanya nitue na kupaa, nitue na kupaa, mpaka viganja vyangu vikaacha kutoa jasho. Hakunisifu. Aliniambia tu nije kesho mapema, kabla upepo haujaamka.