Mzee wa kanisa aliyeshuka kaburini na suti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado uko juu ya misalaba, na Sululu yumo shimoni, udongo umemfika mabegani. Juu yake amesimama shemeji yake, kaka wa mkewe, ameshika uzi wa katani wenye mafundo mawili.

"Pima tena," shemeji anasema.

"Tumeshapima mara mbili."

"Nimesema pima tena, mzee wa kanisa."

Sululu anajifuta jasho kwa kiwiko, anapokea ncha ya uzi. Wanapima tena.

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya uzi ilikuwa mkononi mwake, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Familia ikishapata jeneza hukata uzi wa urefu wake, hupiga fundo kila mwisho na kuutuma makaburini. Mchimbaji huulaza chini, huongeza shubiri moja kila upande, huchora alama. Kaburi moja huwachukua watu wawili saa tano. Penye mawe, saa nane. Viganja vya Sululu vimeota sugu, na mgongo wake haukubali tena kulala chali.

Kanisani kwake hakuna aliyeyajua hayo. Huko aliitwa Mzee wa Ofisi. Alipoulizwa kazi yake alijibu, "Niko halmashauri," na makaburi kweli ni ya halmashauri. Sugu zilipoulizwa, alisema ana kishamba kidogo.

"Sikudanganya," anasema. "Niliwaacha wajidanganye wenyewe. Suti ilinisaidia."

Jumapili moja, miezi saba iliyopita, alifundisha darasa la watu wazima somo la unyenyekevu. Aliwaeleza jinsi Bwana alivyochukua taulo na beseni, akawaosha wanafunzi wake miguu. Watu walilia.

"Hata mimi nililia," anasema. "Siku hiyo nilifundisha vizuri mno."

Alhamisi yake akazikwa mama mmoja wa kwaya ya kanisa hilohilo.

Mfukoni mwa suruali ya kazi Sululu alikuwa na nyuzi mbili: wa mama huyo, na wa binti wa shule aliyezikwa jana yake. Uzi uliokwisha kazi hufukiwa pamoja na mwenyewe, ndiyo desturi yao wachimbaji. Wa binti aliusahau. Na asubuhi hiyo alikuwa na haraka: arudi nyumbani, aoge, atoe udongo kwenye kucha, avae suti kabla msafara haujafika. Akavuta uzi, akapima, akachora, na shimo lilipofika kiunoni akamwachia shemeji beleshi.

"Niliona shimo ni fupi," shemeji anasema. "Lakini ningebishana naye vipi? Yeye ndiye mwenye uzi."

Saa nane mchana Sululu alikuwa kwenye safu ya wazee, kitabu cha nyimbo kifuani. Jeneza likashushwa. Upande wa miguu ukaingia, wa kichwa ukagoma. Kamba zikateleza, jeneza likainama, na ndani yake kikasikika kitu kikigonga ubao.

"Ule mlio haujanitoka masikioni," anasema. "Nilijua papo hapo. Uzi wa binti."

Vikapigwa vilio upya. Mtoto mkubwa wa marehemu akamvaa shemeji. "Mmelewa nyie? Mama yangu ni gogo?" Kofi likatua. Likafuata la pili. Shemeji hakujitetea. Alimtazama Sululu mara moja tu, akainama, akaokota beleshi.

"Na mimi nikafungua ukurasa wa wimbo," Sululu anasema. Anarudia taratibu, kama anayemzungumzia mtu asiyemjua. "Nikafungua ukurasa."

Jeneza likarudishwa juu ya nyasi. Shemeji akaanza kupanua shimo peke yake huku watu wakimporomoshea matusi. Mzee aliyesimama kando yake akamnong'oneza Sululu, "Watu hovyo kabisa hawa. Wasemee huko ofisini kwenu, wafukuzwe."

Hapo ndipo Sululu alipokiweka kitabu chini, akavua viatu, akashuka na suti yake.

"Mzee, toka! Utachafuka!"

"Nimo humu miaka kumi na tisa," akajibu kutoka chini. "Uzi niliupima mimi. Makofi yale yalikuwa yangu."

Mwanakwaya mmoja akaangusha mwavuli. Yule mtoto wa marehemu akautazama mkono wake kana kwamba ameazimwa. Kilichosikika ni mabeleshi mawili tu.

Jioni mkewe alimsubiri mlangoni. "Kaka yangu kazabwa makofi mawili, wewe unatafuta wimbo?"

"Nilishuka, mke wangu."

"Ulishuka baada ya muda gani?"

Tangu hapo amejaribu kukadiria. Anadhani ni dakika nne.

Jumapili iliyofuata alipigwa na mshtuko mwingine. Waumini walijipanga kumpa mkono. "Umetufundisha unyenyekevu, mzee!" Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Aliyepigwa kwa kosa lisilo lake akanyamaza ni shemeji," alimwambia mchungaji. "Mimi nilichelewa tu." Akaomba kutoka kwenye safu ya wazee. Sasa hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Na uzi akamkabidhi shemeji.

Shemeji hakusema naye kwa siku tisa. Kanisani hakanyagi. "Huko kwao wanaoshana miguu iliyokwisha kuoga," anasema akiuviringisha uzi kidoleni. Je, amemsamehe?

"Si unaona namwambia apime tena? Ningekuwa sijamsamehe, ningemwacha akosee."

Jua limepanda. Sululu anatoka shimoni, magoti yakilia.

"Mifuko," shemeji anaamuru.

Sululu anaitoa mifuko yote miwili nje, kama anavyofanya kila siku. Ni mitupu, hamna uzi wa jana. Hataki uzi urudi kwake, wala kiti cha mbele. Ana ombi moja analoamka nalo.

"Kukosea nitakosea tena, mimi ni binadamu," anasema. "Naomba tu siku hiyo mdomo wangu ufunguke kabla kofi halijamfikia mtu."