Kitovu cha Binti Yangu

Nafundisha uraia katika shule ya sekondari hapa Kolwezi. Kila mwaka, tukifika kifungu cha kumi cha katiba, wanafunzi hukwama. Wanadhani mtu ni Mkongo wa asili kwa sababu tu amezaliwa Kongo.

"Polepole," huwaambia. "Tusome tena."

Katiba yetu haiulizi ulizaliwa hospitali gani. Inauliza kama wewe ni wa mojawapo ya makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo siku ya uhuru. Wakishaelewa hapo, naongeza: inasema Kongo, haisemi mkoa. Mluba wa Kasai, Mlunda, Msanga, wote wana asili sawasawa, popote wanapolala.

Baadhi yao walikuja kurudia somo barazani kwangu, mtaa wa Kasulo. Jirani yangu, mama wa Kisanga, mwenyeji wa ardhi hii, alisikiliza kutoka upande wake wa ukuta huku akichambua sombe, majani ya muhogo. Sisi babu yetu aliletwa na treni kutoka Kasai kuchimba shaba. Mama huyo ndiye aliyempokea binti yangu siku ya kuzaliwa, mvua ilipotuzuia kufika hospitali. Kitovu kilipodondoka alikizika katika uwanja wake, kwa sababu wetu ulikuwa saruji tupu.

"Sasa hapa ni kwabo," alisema. "Akitoroka, kitamuita."

Mwaka jana mgodi mmoja ulitafuta fundi wa maabara, na watoto wa hapa ndio waliotangulizwa. Binti yangu alikuwa amesomea kazi hiyo hiyo. Ili kumthibitisha, shefu wa mtaa alitaka mzee mmoja mwenyeji aje aseme kwa kinywa chake: huyu ni wetu. Sikuwaza mara mbili nimwombe nani.

Mama jirani alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mama, huyu binti ni wa hapa?" shefu aliuliza.

Alitazama mikono yake. "Kuzaliwa, alizaliwa hapa. Mi mwenyewe nilimupokea. Lakini wa hapa, hapana. Baba yake anafundishaka: mahali pa kuzaliwa si kitu, kabila ndiyo inahesabu. Kabila yabo iko Kasai."

Shefu alicheka mpaka akapiga meza. "Mwalimu, kumbe unafundishaka muzuri!"

Nilijaribu kueleza, bila haraka, kama darasani: kifungu kile kinamtenga Mkongo na mgeni, hakimtengi Mkongo na Mkongo mwenzake. Shefu alikuwa ameshamwita mtu aliyefuata.

Nje nilimwambia, "Mama, nusu ya somo umeisahau."

"Sikuisahau, tata." Hakunitazama. "Mujukuu wangu naye anaitafuta ile kazi."

Mjukuu aliipata. Nami nikifika kifungu cha kumi siku hizi, naanza na ile nusu ya pili. Wanafunzi wanaandika vizuri, na bado nawatia moyo.

Binti yangu anahamia mji wa Lubudi, kuuza mahindi. Jana, akifunga mizigo, aliniambia, "Tata, umuombe Mama jirani anionyeshe ni wapi alikizika kitovu changu."

Sijamwomba. Ukuta wetu ni mfupi. Ningeweza kumwita bila kuinuka kwenye kiti hiki. Namsikia anatwanga sombe.