Pikipiki Mbili za Ibighi

Binti yetu wa mwisho alipoolewa Songea, nyumba yetu hapa Makambako ilibaki na watu wawili tu, mimi na mke wangu Rehema. Yeye ndiye aliyeleta wazo la pikipiki. Hakutaka ya kubebea abiria, alitaka ya kututembeza kwa watu wetu kabla hatujachoka kabisa. Songea kuna binti, na kwenda huko ni lami mwanzo hadi mwisho. Makete kuna dada mkubwa wa Rehema, ambaye miguu imegoma na hawezi tena kuja kwetu. Njia ya kuingia kijijini kwake ni udongo ambao ukilowa unateleza kama mlenda. Rehema mwenyewe ana mgongo mbovu. Mimi ni fundi wa kushona siti za magari, kwa hiyo mambo ya mgongo nayajua kidogo. Pikipiki ndogo nimeendesha miaka yote; kubwa nilikuwa nazitamani tu.

Dereva mmoja wa lori, mteja wangu, alinielekeza kwa mtu wa Tukuyu aitwaye Gwamaka. Alikuwa na pikipiki mbili kubwa na anauza moja, yoyote ambayo mteja atachagua. Ya kwanza ni ya masafa, ile ambayo wauzaji wa mjini huiita turingi: ndefu, nzito, ina kioo cha kukinga upepo, na siti ya nyuma ina egemeo kama kochi. Ya pili ni ya njia zote, wenyewe huiita advencha: imeinuka, tairi zake zina meno, shokapu ndefu, imetengenezwa kwa ajili ya mawe na tope.

"Chagua itakayotufikisha kote," Rehema aliniambia akinifungia chapati.

Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, nilibadili gari. Kuanzia hapo barabara inapanda tu, na baridi inapanda nayo. Tulipopita Isyonje ukungu ulishuka barabarani, mzito, dereva akawasha taa ingawa ilikuwa asubuhi. Abiria waliokuwa wakibishana habari za mpira wakapunguza sauti bila kuambiwa, mpaka gari zima likawa kimya. Kando ya njia walitokea akina mama wenye mabeseni ya viazi, wakaonekana mara moja, wakapotea. Jirani yangu wa siti aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia, kwa Gwamaka wa Ibighi, mwenye pikipiki. Akanitazama, kisha akageukia dirisha ambalo halikuonyesha kitu. "Aha," akasema.

Ibighi ni mtaa wa Tukuyu mjini, nyumba na viduka vimechanganyikana. Gwamaka ana duka la vipuri hapo. Ni mtu wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Tulipomaliza salamu alinipeleka stoo ya nyuma na kufungua kufuli. Ya masafa ilikuwa mbele, inang'aa, inaonekana inatumika. Ya njia zote ilikuwa pembeni kabisa, imefunikwa blanketi la kitandani, na ncha zake zimekunjiwa chini vizuri, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Gwamaka alilivuta blanketi bila kulitazama.

"Zote ni zako?" nikauliza.

"Ya masafa ni yangu. Hii ni ya nyumbani."

"Na mbona unauza?"

"Mtu mmoja, pikipiki mbili, mzee wangu. Utakayoiacha ndiyo nitakayobaki nayo." Akanipa ufunguo wa ile ya masafa. "Jaribu zote. Hii nenda nayo Kiwira, lami nzuri. Ile utashuka nayo Masoko. Ukifika senta, geuza. Usiende ziwani."

Kwenda Kiwira kulikuwa raha tupu. Pikipiki ile ilikata kona za mashamba ya chai kama inateleza juu ya maji, upepo unapita juu ya kofia, mgongo haupati habari ya barabara. Nilimwona Rehema kwa fikira nyuma yangu ameegemea na pochi yake mapajani. Ila uzito wa pikipiki niliuogopa. Nilipoiingiza kwenye changarawe kugeuza, tairi la nyuma lilihama, na ilinibidi niishike kwa nguvu zote isilale. Nikaifikiria njia ya Makete, nikajua siku ya mvua tungelala nayo mtaroni.

Hapo hapo Kiwira mvua ikanikuta. Nilijibanza kibandani kwa mama mmoja muuza chai, nikanywa vikombe viwili nikitazama malori yakipita na maji yakimwagika kutoka kwenye maturubai. Ilinyesha kwa nguvu, kisha ikakatika ghafla. Nikarudi Ibighi, nikakuta stoo ina kufuli lake. Gwamaka alifungua, akanipa ufunguo wa pili.

Njia ya Masoko ilikuwa imelowa, na hapo ndipo nilipoipenda advencha. Mashimo iliyameza, tope ililichana, mimi nimekaa juu naona mbali. Siti yake ya nyuma ilikuwa ngumu kama ubao, lakini siti ndiyo kazi yangu: sponji nzito, egemeo la chuma, wiki moja ingetosha. Nikasema moyoni, hii ndiyo. Jambo moja tu lilinisumbua. Mlio wake ulikuwa mzito, na kila niliposhusha gia ulitoa kikohozi kidogo. Watu waliokuwa migombani walipousikia walisimama na majembe yao. Hawakupunga mkono. Mzee mmoja alivua kofia, akaishika kifuani mpaka nikapita.

Masoko senta nilipaswa kugeuza. Sikugeuza. Ziwa liko karibu sana, nami nilitoka mbali. Nikashuka.

Ziwani hapakuwa na mtu. Maji yamekaa kwenye shimo la mlima wa kale, kijani kilichoelekea kuwa cheusi, ukungu umeyafunika nusu. Sikusikia chura wala ndege. Ardhi ya ukingoni ilikuwa laini, nikatafuta mahali pa kuegesha. Nikaona jiwe bapa limelazwa kwenye majani, nikashusha stendi, ikakaa juu yake sawasawa. Nilipoinama nikaona jiwe lina mikwaruzo, mingi, yote ya stendi, yote mahali pamoja. Sikukaa hata dakika chache. Niliwasha nikapanda kurudi.

Kwenye kona ya kwanza juu ya ziwa, mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama katikati ya njia. Nyuma yake kulikuwa na nyumba ya bati katikati ya migomba, na barazani meza yenye birika na vikombe viwili.

"Shikamoo mama," nilisema nikivua kofia.

Alinitazama usoni muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. "Marahaba. Umechelewa, gwe mwana. Nimekusikia ukishuka kabla ya mvua. Chai imepoa, nimeipasha tena."

"Mama, kabla ya mvua nilikuwa Kiwira. Na pikipiki hii ilikuwa Ibighi, stoo, imefungiwa."

"Najua ilipokuwa." Hakukasirika. "Gwamaka ni mwanangu. Ameifungia tangu mdogo wake alipopotea, Ipyana. Ni yake hii. Lakini mimi huisikia. Inashuka, ikifika kona hii inapunguza gia, inakohoa, inapita kwenda ziwani. Kurudi sijawahi kuisikia. Leo ndiyo mara ya kwanza imepanda."

Niliegesha, nikakaa barazani. Akanimiminia chai. Akaniuliza kama nimeinunua. Nikasema bado, ila naitaka, niipeleke Makambako.

"Makambako ni mbali," akasema. Akapapasa kitambaa cha meza. "Usiipeleke, baba. Nikiisikia najua bado yuko njiani. Ikienda huko, mimi nitasikia nini?"

Nilimaliza chai, nikasema asante. Akasema, "Ndaga," ndiyo asante ya kwao, akaweka kiganja juu ya tenki, akakiacha hapo kidogo, kisha akanipisha.

Kutoka pale kupanda senta ukungu ulikuwa umefunga. Kioo cha kofia kilijaa maji, nikasimama kando, nikazima injini nikifute. Mlio haukuzimika. Nilidhani masikio yangu bado yanavuma. Nikatoa kofia. Ulikuwa unatoka juu, unashuka kunijia, mzito, ule ule. Nikaisukuma pikipiki hadi kwenye nyasi kumpisha anayekuja. Ulipokaribia kona ukapungua, ukakohoa, ukapita mbele yangu, karibu kiasi cha kunyoosha mkono nikashika. Hakukuwa na taa. Majani ya migomba hayakutikisika. Dimbwi lililokuwa katikati ya njia halikurusha hata tone. Kisha mlio ukaendelea kushuka, pole pole, kuelekea ziwani, nami nikisoma kila aya niliyofundishwa utotoni.

Pikipiki ilipowaka tena niliendesha hadi Ibighi bila kutazama kioo cha nyuma.

Gwamaka alikuwa amekaa mlangoni pa duka. Aliponiona usoni alinyanyuka, akanivutia kiti.

"Ulishuka ziwani," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mama anasikia pikipiki? Ungekubali kuipanda?"

Akanieleza basi. Ipyana alikuwa akiwatembeza wageni kwenye milima na maziwa ya wilaya nzima, hakuna njia iliyomshinda. Siku moja alitoka peke yake. Waliikuta pikipiki imesimama ukingoni juu ya jiwe lake, ufunguo upo, kofia imening'inizwa kwenye kioo, injini bado ya moto. Walitafuta hadi wazamiaji wakachoka. "Ziwa lile halina mto unaoingia wala unaotoka," akasema. "Hatukuzika kitu. Mama amekataa hata kuweka matanga."

"Na wewe unaisikia?"

"Mimi nakaa Ibighi."

"Kwa mama huendi?"

"Naenda kwa miguu," akasema. "Mchana kweupe."

Usiku huo nililala kwake, au tuseme nililala macho. Kila hesabu ilisema advencha. Siti ningeishona, Makete tungefika, Songea tungefika vilevile. Kulipokucha nilimwambia nachukua ya masafa. Sitadanganya: nusu ya uamuzi ule ilikuwa huruma kwa yule mama, nusu ilikuwa woga.

Gwamaka aliuchezea ufunguo. "Nilitumaini utaichukua ile, mzee wangu. Nimeomba Mungu iondoke."

"Najua."

"Sasa nitafanya nini nayo?"

"Iendeshe," nikamwambia. "Nenda nayo kwa mama yako. Yeye amekaa barazani na vikombe viwili, na wewe una mdomo wa kunywea."

Alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti, akasingizia moshi wa jikoni.

Kurudi nyumbani ukungu ulikuwa umeondoka, mlima Rungwe wote uko wazi, na pikipiki yangu mpya ikapanda Isyonje bila kulalamika. Makambako Rehema aliizunguka, akaibonyeza siti ya nyuma kwa dole gumba kama anayechagua parachichi. "Na Makete?" akauliza. Nikamweleza yote, hadi dimbwi lililotulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kuandaa chakula, akarudi mlangoni na mwiko mkononi. "Ulifanya vizuri," akasema. "Ila Makete tutafika."

Songea tulifika, mgongo wa Rehema haukusema neno. Makete ilitutoa jasho. Pale lami inapoishia tuliiacha pikipiki kwa mwenye duka, tukakodi bodaboda mbili za vijana wa huko, tukaingia kijijini tumepakwa tope hadi nyusi. Dada yake alitucheka akiwa kwenye kiti chake mpaka akakohoa. Kwa hiyo watu wakiniuliza waichukue ipi, ya masafa au ya njia zote, nawaambia wazitaje kwanza njia watakazopita kweli, si zile wanazoziota. Kisha waulize pikipiki yenyewe ilipita wapi kabla yao.

Mwezi uliopita Gwamaka alinipigia simu. Anakwenda Masoko kila Jumapili baada ya ibada, akiwa juu ya advencha. Nikamuuliza hali ya mama. Akasema ana nguvu, analima, ameanza hata kuimba.

"Ila nikifika hanimiminii chai," akasema. "Nazima injini, nakaa, ananiambia nisubiri. Tunakaa hivyo tu. Halafu anasema, haya, na huyu naye amefika, leo amesimama hapa hapa, hakupita. Ndipo anamimina. Vikombe vitatu."

Nikamuuliza kama naye, akiwa amekaa pale, anasikia chochote.

Akasema mvua imeanza, ngoja akaanue nguo.