Kuku wa Mkono Wangu

Kule Mikindani, nilipokuwa bado nachunga mbuzi wa shangazi, kulikuwa na mlango uliobaki umesimama peke yake, nyumba yenyewe ya mawe imeshaanguka. Sisi watoto tukipita tunapiga hodi, tunacheka. Siku hizi sicheki. Hodi ya namna ile, ya mtu asiyetegemea kujibiwa, nilikuja kuisikia tena nikiwa nimeoa, naishi huku karibu na Ruvuma. Aliyepiga alikuwa mwanamume aliyekimbia vita ng'ambo ya mto, anaomba maji. Akakaa miaka. Kazi yake ilikuwa kuunga mifupa.

Basi miaka ya tisini mwanzoni nikaanguka mnazini. Nilikuwa mkwezi, sina kazi nyingine, shule niliishia la pili. Kifundo cha mkono wa kulia kikapinda vibaya.

Yule bwana akanishika, akauliza, "Hivi mama mkwe wako bado amekununia?" Nafungua mdomo nijibu, akavuta. Nilipiga ukelele majirani wakatoka. Akanifunga vipande vya mwanzi, kisha akamvunja kuku mguu, akamfunga vilevile.

"Huyu akikanyaga, nakufungua. Nikishakufungua, naenda kwetu. Vita vimekwisha."

Wiki ya pili kaka wa mke wangu akaja ghafla. Mke wangu akachinja. Nimeshamaliza paja ndipo namuuliza, kuku gani?

"Yule asiyeweza kukimbia," akasema.

Yule bwana aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umempikia mumeo daktari wake!" Akavunja mwingine mguu, tukaanza kungoja upya.

Mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Kila jioni alikuja kunikanda vidole kwa mafuta ya nazi, tunapiga soga. Sikuzaliwa na kaka mimi.

Asubuhi moja nikamwona kuku anachakura nyuma ya jiko, miguu yote miwili. Nikamfunika tenga. Yule bwana alipokuja nikamwambia bado, mkono unauma. Hakubisha. Akafungua mianzi, akanipa kidole chake gumba.

"Kamata."

Nikakikamata. Nguvu zote zilikuwemo, na sikutaka kukiachia.

"Umepona, ndugu yangu. Tena umepona tangu juzi."

Akachomoa kidole taratibu, akabeba mkeka wake, akamuaga mke wangu, akashika njia ya mtoni. Hakurudi.