Tulivuka mpaka kwenda kupunguza mahari, tukaishia kumbembeleza mkwe aongeze

Wakuu, nawasalimu wote mlioko humu. Naandikia hapa Bariadi. Hii haikunifikia kwa kusimuliwa, nilikuwepo na mdomo wangu ndio uliokuwa unaongea. Anayebisha abishe taratibu.

Kaka yangu Masanja anauza dagaa Lamadi. Huko akampata Akinyi, binti wa Migori, Kenya, aliyekuwa anakuja kuchukua mzigo. Mwaka mzima wakawa wanapunguziana bei, mwisho Masanja akatangaza anaoa.

Baba akasema sawa, ila ng'ombe lazima watoke.

Kwetu Wasukuma, mke asiyetolewa ng'ombe, watoto wake wanahesabika wa ukoo wa kwao. Baba hakuwa na shida na Akinyi. Shida yake ilikuwa wajukuu, wasije wakawa wa Migori.

Mimi ndiye kitinda mimba, lakini nikateuliwa msemaji. Nanunua mbuzi minadani, na sijawahi kulipa bei ya kwanza kutajwa. Halafu nahesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ya sadaka.

Nyumbani hakuna aliyewahi kutoka nje ya nchi. Majirani walikuja kutuombea utadhani tunapanda ndege. Mama akavaa masweta mawili, kasikia nje kuna baridi. Baba akatoa suti ya harusi yake, ambayo vifungo viligoma kukutana. Zawadi tukabeba gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha.

Sirari tukagongewa karatasi zetu, tukavuka kwa miguu.

Baba akasimama upande wa pili, akaangalia ng'ombe wanakatiza barabara.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "mbona ni wale wale?"

Nikamwambia baba, nje ndiyo hapa. Akanuna hadi Migori, kama mtu aliyeuziwa simu feki.

Baba yake Akinyi ni mwalimu mstaafu. Ana nyumba nzuri mjini, na uwanja unaotosha kuanika nguo tu. Tukala, tukashiba, nikakohoa kidogo, nikaanza maneno yangu. Bei ya kuanzia nilikuwa nimeificha moyoni. Nikamwomba mzee ataje yeye kwanza.

Mzee akasema, "Mimi ng'ombe sitaki, bana. Nitaziweka wapi, kwa sitting room?"

Wakuu, mnadani hiyo ndiyo ndoto. Nikageuka kumpa baba ishara kwamba tumeshinda.

Baba uso umemshuka kama kapewa taarifa ya msiba.

"Hatukuja kuokota mtoto," akasema. "Andika kumi."

"Basi nipeeni moja, ya heshima," mzee akajibu.

"Kumi."

"Mbili. Na hapo mmeniumiza sana."

Baba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaelewa kazi imebadilika. Ikabidi mimi, mtu ninayegombania hadi kamba ya mbuzi, nianze kumsihi mwenye mali apokee zaidi. Nikasifia ng'ombe wetu, maziwa yao, tabia zao. Nikasema hawali sana. Mzee akakaza. Akasema hali ni ngumu, tumfikirie na yeye, watu watasema mwalimu ameuza binti.

Baba akatumia silaha ya mnadani: akasimama, akachukua kofia, akaelekea mlangoni.

Masanja akashika kichwa. Akinyi alikuwa anachungulia kutoka jikoni, nikamwona anafuta machozi kwa kanga. Hapo kicheko kikaniisha. Hawa wazee wawili walikuwa wanavunja ndoa kwa ukarimu.

Mama yake Akinyi akaziba mlango. "Kaeni, tafadhali. Huyu atakubali tano."

"Tano nitaziweka wapi, mama Akinyi?"

Ndipo nikapata akili. Nikasema, "Mzee, ng'ombe watano wawe wako, ila wakae zizini kwetu. Tukuchungie. Wakizaa, ndama ni wako." Kwetu kumwekea mtu mifugo ni jambo la kawaida.

Mzee akafikiri. Baba akarudi kukaa. Wakashikana mikono, na mama akavua sweta moja.

Nilirudi Bariadi najiona fundi. Mahari imelipwa, na hakuna ng'ombe aliyetoka zizini.

Sikujua nimeanzisha nini.

Yule mzee aliyekuwa hataki ng'ombe sasa anapiga video call kila siku ya mnada. "Nionyesheni yule wa madoa. Mbona amekonda?" Kawapa majina wote. Ng'ombe wetu akiumwa tunamchemshia majani. Wa mzee akikohoa, baba anamwita daktari wa mifugo, maana ni mali ya watu. Na mtaani baba anatamba kwamba anachunga mifugo ya mwekezaji kutoka nje.

Masanja na Akinyi wanakaa hapa nyumbani. Mwezi uliopita wamepata mtoto wa kiume. Baba kampa jina la babu wa ukoo wetu, na kutoka Migori hakuna aliyepinga. Mzee alipongeza, kisha akauliza habari za ndama.

Asubuhi moja nikamkuta shemeji Akinyi anakamua, mtoto mgongoni.

"Shem," akaniambia bila kugeuka, "mimi nimeolewa, nimehama nchi, halafu mahari yangu naikamua mwenyewe. Kati yetu hapa nani alimnunua nani?"

Nilipiga hesabu, nikarudia tena. Kila mara inatoka tofauti.

Funzo nililolipata: kabla hujapatana bei na mtu, jua kwanza yeye anaona aibu wapi. Baba aliona aibu kutoa kidogo, mzee aliona aibu kupokea kingi. Bei nilikuja kuipata katikati ya aibu zao.

Kama kuna aliyeoa ng'ambo ya mpaka, aseme mahari aliivushaje. Na mwenye jibu la shemeji aliweke hapa chini, nimpelekee.