Hodi ya Ubwa

Ubwa hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila ya kupiga hodi. Alikuwa fundi wa makufuli, na hapakuwa na mlango Mkunazini uliomshinda, lakini mbele ya mlango wake mwenyewe alisimama kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nassra, mkewe, huku anatoa mikate tanurini, humuuliza, "Nani?" Naye hujibu, "Mgeni." Nassra humwambia mgeni gani huyo asiyekwenda kwao, na wote wawili wakacheka, miaka nenda miaka rudi.

Kiharusi kilimkuta kibandani kwake, kikamchukua upande wa kulia pamoja na maneno. Hospitali walimrudisha akiwa hai. Nassra akawa wa kumvisha, wa kumlisha, wa kumnyanyua kwenda chooni, na tanuri likapoa. Ndipo Amour, mdogo wake Ubwa aliyekuwa na kazi hotelini Kiwengwa, akajitolea kumlipa Shemsa, mtaalamu wa mazoezi, awe anakuja na vespa yake kila wiki.

Shemsa hakuwa mtu wa pupa. Alimfundisha Ubwa kufunga vifungo kwa mkono mmoja, kuvuka kizingiti, kujinyanyua kitandani. Nassra akawasha tena tanuri, kwanza kidogo, kisha asubuhi nzima. Yaliyobaki ni maneno. Jioni alikaa karibu na mumewe akimtazama mdomo, akitamani hata kutukanwa.

Siku moja Amour alikuja, wakasali pamoja, akamsikia kaka yake anasoma Fatiha mpaka mwisho bila ya kukosea herufi. Alitoka machozi yanamlenga.

"Shemeji, kaka kashapona."

Nassra alimweleza kwamba huyo huyo hawezi kuomba maji. Amour akasema anadeka tu, ulimi uliosoma vile hauna maradhi. Afadhali fedha za Shemsa ziende kwenye paa linalovuja. Nassra naye alitamani mno iwe kweli, akakubali.

Paa likaezekwa. Chini yake, kabla masika hayajesha, goti la Ubwa likakaza, vifungo vikamshinda, na tanuri likapoa tena. Amour aliporudi, alimkuta shemeji yake amekaa kizingitini, mgongo unamuuma kwa kumbeba mtu.

"Paa halivuji, Amour," alimwambia. "Lakini mimi sipiki, na kaka yako hatembei. Sasa niambie, ghali ilikuwa ipi?"

Amour aliinama. Kisha akatoa simu, akampigia Shemsa.

Shemsa hakumlaumu mtu. Aliwaeleza kwamba Fatiha imo ndani ya Ubwa tangu utoto wake chuoni, alipofundishwa Kurani, hutoka yenyewe bila ya kutafutwa. Neno la kuchagua ndilo linalopotea njia. Akauliza, kitu gani kingine alikuwa akikisema kila siku bila ya kufikiri? Nassra alicheka kwanza, kisha akalia.

Basi kila wiki Shemsa na Ubwa wakawa nje ya mlango, Nassra ndani. Siku za mwanzo palisikika fimbo ya Ubwa tu ikigonga ubao wa mlango. Baadaye pumzi. Mpaka alasiri moja, neno zima, zito, lenye kukwaruza: "Hodi."

Tangu hapo Nassra alijitia uziwi, ili lirudiwe. Lakini kila alipouliza "Nani?" upande wa pili palikuwa kimya, naye huwahi kusema "Karibu" mumewe asije akaona haya. Vifungo vilirudi, goti likalegea, mikate ikauzwa. Jawabu lile halikurudi, na Shemsa hakuwahi kulifundisha, kwani hakuna aliyemwambia kama lipo.

Kiharusi cha pili kilimchukua Ubwa usingizini, alfajiri ya Ijumaa. Jioni ya kuamkia siku hiyo alitoka barazani peke yake, akafika mlangoni, akapiga hodi. Nassra alijitia uziwi. Akapiga tena.

"Nani?" Nassra aliuliza, na mdomo ulikuwa tayari kusema karibu.

Fimbo iligonga sakafu, ikatulia.

"Mgeni," alisema Ubwa.