Nyuki Chini ya Boneti

Kabla sijajua kusoma vizuri nilijua kusikiliza kabureta. Baba alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni mwangu na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nami nikasikia hewa ikifyonzwa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Kabureta zilikuwa mbili, na zilitakiwa kuvuta sawasawa. "Ipi inazidi, mama?" aliniuliza, aliniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikionyesha, aligusa skrubu kidogo, tukasikiliza tena. Harufu ya petroli na ya sabuni ya kipande, aliyozibia tangi lililovuja, ilikaa kwenye nywele zangu hadi kanisani.

Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la milango miwili, fupi kiasi kwamba mbuzi wa jirani walichungulia ndani bila kuinua shingo. Mgeni mmoja wa machimboni alimwachia baba alipoondoka Mpanda. Lilitengenezwa kwa ajili ya lami, nasi mtaani kwetu Ilembo tulikuwa na vumbi kiangazi na tope masika, kwa hiyo lilitoka mara chache, hadi stesheni na kurudi, baba akishuka kila penye jiwe kutazama kama tumbo la gari litapita. Hata hivyo kila Jumamosi alisafisha plagi, akakagua breki, akapaka grisi. Watu wa mtaa wa Majengo walimcheka kwamba anafuga ng'ombe asiyekamuliwa.

Kiangazi kimoja, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekusanya magari ya zamani alipata habari zake. Alituma ujumbe kwamba atakuja kwa treni. Akikuta injini inaunguruma vizuri, atalichukua gari na baba pia, akawe fundi wa magari yake yote. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha kama ile. Alifungua silinda hedi, mfuniko wa juu wa injini, akaagiza gasketi mpya ya kuuzibia, na tulipokuwa tukiisubiri, kundi la nyuki likaingia chini ya boneti. Niliwagundua mimi. Nilipenyeza mpira wangu humo kwa mchezo, nikasikia mvumo ambao haukuwa wa hewa.

Gasketi ilifika, nyuki wakiwa bado wamo. Baba aliandaa moshi. Kaka yake, baba mkubwa, mrina asali wa Inyonga aliyekuwa amekuja kutusalimu, akamshika mkono. Katika ukoo wetu wa Kikonongo, nyuki waliokuja wenyewe nyumbani hawafukuzwi.

"Kaka, nawahamisha tu."

"Unawahamishia wapi? Wamekuchagua wewe. Watimue, halafu usiniite kaka tena."

"Na kazi yangu je?"

"Kazi hata hapa zipo. Nyie mafundi hamkosi kazi."

Baba akamwagia makaa maji.

Mgeni wa Dar es Salaam alifika na viatu vyeupe. "Haya fundi, washa tusikie." Baba alipomweleza, alicheka mpaka akashika magoti. "Kumbe nimekuja njia yote hii kununua mzinga!" Baba mkubwa naye akacheka, kumridhisha mgeni. Treni iliporudi, mgeni alirudi nayo. Baadaye baba mkubwa akarina, akajaza ndoo, akaondoka nayo. Alituachia bakuli. "Unaona baraka hizo, mdogo wangu?" Silinda zilizokaa wazi zilikuwa zimeshika kutu. Baba hakunishikisha mpira tena.

Miaka ilipita, nikaenda Inyonga kusalimia. Nilimkuta baba mkubwa akihamisha nyuki walioingia kwenye ghala lake, taratibu, kwa moshi kidogo, kuwatia ndani ya mzinga mtupu. Nilimuuliza kuhusu mila.

"Hawa wangeniharibia mahindi," alijibu.

Nimejifunza injini mwenyewe tangu hapo, kwa vitabu na kwa kufungua, na nimeipima kila upande ile kazi ya kuwahamisha nyuki na kufunga gasketi. Ilikuwa ya asubuhi moja. Mzinga baba mkubwa alikuwa nao, ujuzi alikuwa nao. Alichokosa ni moyo wa kumwona mdogo wake akipanda treni. Leo lami imefika Mpanda, na vijana wanapita na magari ya mbio ambayo matuta tu ndiyo yanayoyapunguza mwendo. Baba hakuishi kukanyaga lami hiyo kwa gurudumu lake. Gari liko palepale, rangi imebabuka, na nyuki bado wamo. Watoto wa baba mkubwa huja kurina kila msimu, na hunigongea mlango waniachie chupa. Huwa nawashukuru. Wakishaondoka, naimwaga.